Kupogoa Mmea Uliofika Darini

Katika kurasa hizi za nyumbani tumezoea kusoma habari za mapishi, ushonaji na malezi ya watoto, na mara chache habari za maua ya uani. Mimea inayokaa ndani ya nyumba haizungumzwi sana, ijapokuwa ukiingia katika sebule nyingi za mjini utaikuta imesimama pembeni mwa runinga, katika vyungu na madebe ya rangi, mingine ikiwa mirefu kumpita mwenye nyumba. Kuipanda twajua, na kuimwagilia maji twajua. Kuikata ndiko kunakotushinda. Mmea hukua mpaka ukagusa dari, ukapinda, ukaegemea pazia, nasi twaupisha njia kama mgeni wa heshima. Nimeona yafaa niandike juu ya jambo hili, kwa sababu katika nyumba yangu halikuwa jambo la pambo peke yake.

Mmea ninaokusudia ni ule ambao sisi Baganda huuita luwaanyi. Una shina moja lililonyooka, lenye makovu ya duara yaliyoachwa na majani yaliyoanguka, na kileleni una kishungi cha majani marefu, mapana, yanayoinama kama majani ya mhindi. Wenzetu wa Bukoba, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, huuita mulamula, jina linalotokana na kitendo cha kuamua na kupatanisha. Wachagga wa Kilimanjaro huuita isale, na kwa desturi yao mtu aliyemkosea mwenziwe huenda kumwomba radhi akiwa na jani la isale mkononi, wala si jambo jepesi kumkatalia aliyekuja hivyo. Wataalamu wa mimea huuita Dracaena fragrans. Neno hilo la pili lahusu harufu, maana maua yake hufunguka usiku na kunukia uwanja mzima, ingawa ndani ya nyumba ni nadra sana kuyaona.

Asili yake ni Afrika hii yetu ya joto. Linnaeus wa Sweden aliuandika katika orodha zake za mimea mwaka 1762, na tangu karne hiyo Wazungu wamekuwa wakiutunza ndani ya nyumba zao za baridi. Siku hizi vipande vya shina lake hukuzwa kwa wingi huko Costa Rica, na husafirishwa hadi Marekani na Ulaya, ncha za juu zikiwa zimezibwa kwa nta. Huwa nacheka kidogo nikiwaona watu wakiununua kando ya barabara kwa bei kubwa kama pambo la kigeni, hasa ule wenye mstari wa njano katikati ya jani, hali bibi zao waliupanda nje, mpakani mwa shamba, bila ya kutoa hata shilingi moja.

Naam, mpakani. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilisomea ualimu, nikapata cheti, nikafundisha shule ya msingi kwa miaka sita kabla ya kuhamishiwa masjala ya ofisi ya ardhi. Kazi yangu ni mafaili, na ndani ya mafaili hayo luwaanyi hutajwa kila mara. Mashahidi husema, "kuanzia luwaanyi iliyo karibu na njia mpaka luwaanyi iliyo juu ya bwawa." Wazee hawakuuchagua mmea huu kwa uzuri wake. Waliuchagua kwa sababu kipande chake kikichomekwa ardhini huota, huishi miaka mingi, na ukikatwa huchipua tena pale pale. Anayetaka kuuondoa hana budi aung'oe pamoja na mizizi, na shimo lake huonekana. Ndiyo kusema kwamba jambo lile lile linalomfaa mwenye shamba, yaani ukaidi wa mmea huu mbele ya panga, ndilo linalomfaa mwenye sebule. Lakini hapo ndipo ilipokuwa taabu yangu.

Mwaka 2014, nilipopata nyumba ya kazi hapa Entebbe, marehemu baba yangu alinijia na kipande cha luwaanyi kilichofungwa katika majani ya mgomba. Alikuwa amekisafirisha ndani ya taksi, akikishika kati ya magoti yake kama mtu aliyebeba kuku. Alikipanda mwenyewe katika debe la rangi, akalitoboa chini kwa msumari, akasema nyumba isiyo na luwaanyi haijulikani inakoishia. Kilitoka katika mpaka wake na ndugu yake mdogo. Baba alifariki mwaka 2017. Mwaka 2021 mimea kumi na mmoja ya mpaka ule iling'olewa. Nani aliyeing'oa haikusemwa waziwazi. Baba mdogo alisema ni ng'ombe. Mama yangu alisema ng'ombe hana jembe. Shauri hilo lilifika kwa wazee wa ukoo na kwa baraza la kijiji, na hadi leo ninapoandika halijamalizika.

Kwa hiyo luwaanyi ya sebuleni kwangu ilikuwa imebaki peke yake katika safu ile. Mama alipokuja kukaa nami mwaka 2022 kwa ajili ya matibabu ya miguu, kila asubuhi alikuwa akiusalimu mmea ule kabla ya kunywa chai. Nao ulikuwa hauna hali nzuri. Ulikuwa umegusa dari, na kwa kuwa haukupata pa kupanda zaidi, kilele chake kilikuwa kimejipinda na kuanza kushuka. Shina lote, tangu kwenye udongo hadi kimo cha kichwa changu, lilikuwa tupu. Majani yalikuwa yamebaki juu tu, mbali na mwanga wa dirisha, nayo yakawa membamba na ya rangi ya kijani iliyofifia. Uzito wote ulikuwa upande mmoja. Siku moja mpira wa watoto uliugonga, na debe likainuka upande kama kwamba lataka kuanguka. Tuliliegemeza kwa mawe mawili na kuufunga mmea kwa kamba kwenye msumari wa ukutani, jambo ambalo nimeliona katika nyumba nyingi na ambalo halina maana yoyote. Mmea uliofungwa kwa kamba ni mmea ambao ungalipogolewa mwaka mmoja kabla.

Nilipomwambia mama kwamba nataka kuukata, aliweka kikombe chini.

"Mwenye kuing'oa yuko kijijini," akasema. "Na wewe sasa washika msumeno?"

Nikamwambia, "Mama, kukata si kung'oa."

"Waeleze hivyo wale watakaosikia kwamba luwaanyi ya baba yako imekatwa na bintiye."

Nakiri kwamba neno lake lilikuwa na uzito. Katika shauri la ardhi maneno huenda haraka kuliko barua, na mtu wa masjala anafahamu hivyo kuliko wengine. Sikuugusa mmea mwaka ule. Lakini nilianza kusoma na kuuliza. Nilikwenda katika Bustani ya Mimea ya hapa Entebbe, ile iliyoanzishwa mwaka 1898 kandokando ya ziwa, nikazungumza na mzee mmoja mtunza bustani ambaye mikono yake ilikuwa kama magome. Haya ninayoyaandika ni mchanganyiko wa maneno yake, ya vitabu, na ya yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Jambo la kwanza kufahamu ni jinsi mmea huu unavyokua. Mwembe ukikua hutoa matawi pande zote. Luwaanyi hukua kwa ncha moja tu, iliyo kileleni, katikati ya kishungi. Maadamu ncha ile i hai, huizuia mingine. Kandokando ya shina, penye yale makovu ya majani, kuna macho madogo yaliyolala, na yataendelea kulala hata miaka ishirini ikiwa kilele hakijaondolewa au mmea haujatoa maua. Ukiondoa kilele, macho mawili au matatu yaliyo karibu na pale ulipokata huamka na kuwa machipukizi. Mahali pale penye shina moja patakuwa na vichwa viwili au vitatu. Kwa hiyo yeye anayesema, "nitaukata ukikoma kukua," anangoja jambo lisilokuja, na yeye anayepunguza majani ya pembeni kwa mkasi akidhani anapogoa, amepunguza chakula cha mmea na urefu ameuacha vile vile.

La pili ni wakati. Vitabu vingi vya maua viliandikwa Ulaya, na vyote hukuambia upogoe mwishoni mwa baridi, siku zinapoanza kurefuka. Sisi tunaoishi juu ya mstari wa Ikweta siku zetu hazirefuki wala hazifupiki, na hatuna baridi ya kungoja iishe. Nimewaona watu wakitafuta mwezi wa Machi kwa sababu kitabu kimesema Machi, na kwa bahati njema kwetu Machi ni mwezi mzuri, lakini sababu yake ni nyingine kabisa: ni mwanzo wa masika. Hewa ina unyevu, jua si kali, na mmea una nguvu ya kuchipua. Mvua za miezi ya mwisho wa mwaka nazo zafaa vile vile. Katikati ya kiangazi kikavu usikate, hata kama mmea umo ndani ya nyumba, maana hewa ya nyumba ni hewa ile ile ya nje.

La tatu ndilo lililomlegeza mama. Mzee wa bustani alinieleza kwamba mwenye hofu anaweza kukitengenezea kilele mizizi kabla ya kukikata, hali kingali juu ya shina lake. Nilipomweleza mama hivyo alinyamaza. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia.

"Kile kipande alichokileta baba yako, alikikata wapi?"

"Mpakani, Mama."

"Mimi ndiye niliyelishika shina akikata," akasema. "Na ile ya mpakani, babu yako alikuja nayo kutoka kwa wakwe zake."

Mimi kama mwalimu nilikuwa tayari na somo langu. Nilitaka kumweleza kwamba kipande cha shina kikiota, hakiwi mtoto wa mmea ule kama mbegu ilivyo mtoto; ni mmea ule ule, haukuchanganyika na kitu kingine, kama vile mgomba wa leo ulivyo mgomba ule ule wa zamani. Nilipoanza kusema, mama alikwisha kuinuka kwenda kutafuta kamba. Somo langu lilibaki kinywani.

Basi mwezi wa Machi 2024 tulianza. Nilichagua mahali palipo chini ya majani ya mwisho kwa urefu wa kiganja kimoja na nusu hivi. Kwa kisu kikali, kilichofutwa kwanza kwa spiriti, nilikata mkato wa mshazari kuelekea juu, kina chake theluthi moja ya unene wa shina, usizidi hapo. Katika mkato nilitia kijiti cha kiberiti kilichovunjwa kichwa chake, ili jeraha lisijifunge. Halafu nilichukua yale majani laini ya kijani yanayoota juu ya mawe yenye unyevu, nikayalowesha, nikayakamua mpaka yasidondoke maji, nikalizungushia shina fungu la ukubwa wa ngumi mbili. Juu yake nilifunga mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, nikaukaza chini na juu kwa uzi. Mtu asiye na majani hayo anaweza kutumia vumbi la mbao lililooza vizuri. Jambo kubwa ni kwamba fungu lisikauke hata siku moja, wala lisilowe mpaka likanuka.

Ikawa kazi ya mama kulitazama fungu lile. Kila jioni alilitomasa kwa kidole kama mtu apimaye embe. Wiki ya tatu hapakuwa na kitu. Wiki ya tano hapakuwa na kitu, na nikaanza kuona macho yake yakinifuata. Katika wiki ya saba aliniita kwa sauti nikiwa jikoni. Ndani ya plastiki ilikuwa imeonekana mizizi, minene kama nyuzi za kushonea viatu, na rangi yake ilikuwa ya manjano iliyokaribia chungwa. Ifahamike kwamba hiyo ndiyo rangi ya mizizi ya mmea huu ikiwa mizima. Wengi wakiiona hudhani imeoza, nao huitupa. Mzizi uliooza huwa mweusi, huwa laini, na ukiuvuta ngozi yake hubaki mkononi.

Tulingoja siku kumi zaidi, mizizi ikaongezeka. Kisha nikaleta msumeno wa chuma, ule wenye meno madogo, kwa kuwa panga hulipasua shina badala ya kulikata. Mama alilishika shina. Nilikata chini tu ya fungu la mizizi. Haikuchukua hata dakika moja. Hakuna utomvu uliotoka, kinyume cha mti wa mpira ambao humwaga maziwa sakafuni na kuchafua nguo. Kilele kile, pamoja na mizizi yake na majani yake yote, kilikwenda katika chungu kipya. Kutoka dari mpaka dirisha nyumba ilionekana pana ghafula, kama kwamba mtu ametoka.

Hapo palibaki shina tupu lenye urefu kunizidi mimi. Watu wengi huliacha hivyo, kwa huruma, na machipukizi hutokea juu kabisa, karibu na dari tena, na baada ya miaka miwili wako pale pale walipoanza. Ukikubali kukata, kata pale unapotaka majani yako yaanze. Mimi nilikata kwenye kimo cha kiuno. Naliona hili kuwa ndilo kosa kubwa la wapogoaji wa nyumbani: kukata kidogo. Shina la luwaanyi lenye mizizi imara halihitaji jani hata moja ili kuchipua; akiba yake imo ndani ya shina lenyewe na ndani ya mizizi. Nililiziba jeraha la juu kwa nta ya mshumaa ili lisikauke kuelekea chini, wala si lazima kufanya hivyo, ila ni vizuri.

Kipande cha katikati kilikuwa na urefu upatao mita moja na robo. Nilikikata mapande matano. Hapa panahitaji uangalifu, maana yakishalala juu ya meza mapande yote hufanana, na pande lililopandwa kichwa chini miguu juu halitaota. Kabla ya kukata kila pande nilitia alama ya nta kwenye ncha ya juu, kama wafanyavyo wale wa Costa Rica. Tuliyaacha kivulini siku moja ili majeraha yakauke, kisha tukayachomeka katika mchanga wa ziwa uliooshwa na kuchanganywa na udongo, nusu kwa nusu, bila samadi. Samadi huozesha kipande kisicho na mizizi. Pande moja lilioza hata hivyo. Mama alikuwa amelipenda kuliko mengine, akawa akilinywesha maji kila alipopita. Manne yalichipua baada ya miezi miwili hivi, mengine yakitoa chipukizi moja, jingine mawili.

Shina lililobaki katika debe la baba lilikuwa kimya kwa muda wa wiki sita. Huo ndio wakati mgumu kwa mwenye mmea. Una kijiti kikavu sebuleni, wageni wanauliza, na mkono unakuwasha kufanya jambo. Usifanye lolote. Usiuhamishe katika chungu kikubwa wakati uo huo, usiupe mbolea, na juu ya yote usiumwagilie kama ulivyokuwa ukiumwagilia zamani, kwa sababu majani yaliyokuwa yakinywa maji yale hayapo tena. Udongo wangu niliuacha ukauke mpaka kidole kizima ndipo nikatia maji kidogo. Mwishoni mwa Juni uvimbe mdogo ulitokea karibu na mkato, rangi yake kama punje ya mahindi mabichi. Baada ya siku chache ukatokea wa pili upande wa nyuma. Ulipotokea wa tatu niliuacha pia, ingawa wapo wasemao viwili hutosha. Kwa shina nene kama lile, vitatu havikuwa vingi.

Niongeze mambo machache kwa haraka. Chungu kizungushwe robo duara kila wiki, maana machipukizi mapya huelekea dirishani. Majani yafutwe vumbi kwa kitambaa chenye maji. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba katika makutano ya jani na shina, futa kwa maji ya sabuni. Ncha za majani zikiwa za hudhurungi, mara nyingi ni hewa kavu au chumvi za maji. Mmea huu hauyapendi maji yenye floridi nyingi, kama ya baadhi ya visima vya Bonde la Ufa, na wenye visima vya namna hiyo ni afadhali watumie maji ya mvua. Ncha iliyokauka yaweza kukatwa kwa mkasi kwa kufuata umbo la jani, ukiacha ukingo mwembamba wa hudhurungi bila kuugusa ule wa kijani. Wenye mbwa na paka wasiache majani yaliyokatwa sakafuni, kwani wanyama hao wakiyatafuna huugua na kutapika. Na mwenye ule mmea wa majani magumu yaliyosimama kama panga, ambao wataalamu siku hizi wameuingiza katika jamii hii hii ya Dracaena, asije akaukata kwa maelezo haya. Ule hauna shina la kukatwa. Hupunguzwa kwa kugawa mizizi.

Basi ilipofika Agosti 2024 nilikuwa na luwaanyi sita barazani na sebuleni, mahali pa mmoja. Mimi nilikuwa na fikira yangu. Nilimwambia mama kwamba mapande manne yakipata nguvu tuyapeleke kijijini, tuyapande pale palipong'olewa. Nilidhani angefurahi.

"Nani atakuwapo?" akauliza.

"Mimi na wewe. Na kaka, akipata nafasi."

"Hapana," akasema. "Mpaka haupandwi na upande mmoja. Alipopanda baba yako, ndugu yake alikuwa upande wa pili akichimba mashimo, na wazee walikuwa wamekaa. Tukienda peke yetu tutakuwa tumepanda maua."

Katika miaka yangu ya masjala nimesoma mashauri mengi ambayo mtu aliamka alfajiri akapanda safu yake, jirani akaamka siku ya pili akaing'oa, na kila mmoja akaja ofisini na mashahidi wake. Sikuwahi kuona ikielezwa vizuri kama mama alivyoieleza akiwa amekaa kwenye mkeka na mguu wake juu ya mto. Kwa hiyo vyungu vilibaki barazani. Nimevihamisha mara mbili kwa sababu ya mizizi, na mwaka jana nilimpa kaka yangu kile kilele cha kwanza, ambacho sasa kimefikia bega lake na ambacho, nimemwambia waziwazi, kitahitaji msumeno kabla ya miaka miwili.

Mwezi uliopita baba mdogo alikuja Entebbe kutibiwa macho. Kwa kuwa ni mkubwa wetu, na kwa kuwa hoteli ni ghali, alifikia kwangu. Mama alimpokea kwa heshima zote, akamwandalia matooke na mchuzi wa karanga, wala hapana aliyetaja shamba. Asubuhi ya pili nilimkuta amekaa barazani na chai yake, karibu na vile vyungu vinne. Jicho moja lilikuwa limefungwa bendeji. Alikuwa ameinama, ameshika jani moja kati ya vidole viwili, akilipitisha taratibu mpaka kwenye ncha.

"Hizi ni za ile?" akaniuliza.

Nikajibu, "Ndiyo, Baba. Za ile."

Alizitazama zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu. Kisha akauliza kama zanywa maji mengi. Nikamwambia kikombe kimoja kwa wiki, na wakati wa masika pungufu ya hapo.